Gesi hupita kwenye mafuta: kwa nini sisi wa nyanda za juu tusihesabu hewa kwa asilimia

#1. Mtoa mada (Mbeya)

Wakuu, habari za huku kwenye baridi. Kazi yangu ni kutoa dawa ya usingizi thieta, hapa Mbeya. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza swali moja kuliko mengine yote: gesi inaingiaje ndani ya seli? Wanajua sukari inavushwa na protini. Wanajua chumvi nayo ina njia zake. Wakitafuta mlango wa oksijeni kwenye mchoro wa kitabu hawauoni, na hawauoni kwa sababu haupo. Oksijeni, naitrojeni, hewa ya ukaa, halotheni (dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke), hata ile kaboni monoksaidi inayotoka kwenye majiko ya mkaa na kuua watu, zote zinayeyuka ndani ya mafuta ya utando wa seli na kutokea upande wa pili.

Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili ukilishika linakufungulia mambo mengi ya huku kwetu ambayo kwa kuyatazama juu juu hayana undugu.

Tuanze na utando wenyewe. Ni tabaka mbili za molekuli za mafuta, mikia imeelekeana kwa ndani, vichwa vinavyopenda maji viko nje. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, pale Leiden, Uholanzi, walikamua mafuta yote ya chembe nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji. Yakafunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe, ndipo ikajulikana kuwa tabaka ni mbili. Unene wote ni kama nanomita 5 tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Katikati, penye mikia mitupu, ni kama nanomita 3.

Sasa kwa nini gesi ipende kukaa humo? Molekuli za maji zimeshikana kwa nguvu, kila moja inavutana na jirani zake. Chumvi ikija inapokewa vizuri kwa kuwa ina chaji ya kushikana nayo. Oksijeni haina chaji. Ili ikae ndani ya maji, lazima maji yaachiane kidogo kuipa nafasi, na yanaachiana kwa shida. Mikia ya mafuta haina mshikano wa namna hiyo. Inajipinda na kujinyoosha muda wote, na katikati yake hutokea vijinafasi vinavyofunguka na kufunga. Molekuli ya gesi hukaa kwenye kimoja, mikia ikicheza inahamia kingine. Kwa ujazo uleule, oksijeni hukaa kwenye mafuta mara kadhaa zaidi ya inavyokaa kwenye maji, na naitrojeni ni kama mara tano. Subczynski na Hyde, kule Milwaukee, Marekani, tangu miaka ya 1980 wamepima oksijeni ndani ya utando wenyewe, wakakuta inajaa zaidi katikati kabisa, kwenye ncha za mikia, ambako mafuta yamelegea kuliko kwingine.

Ayoni ya sodiamu, yaani chembe ya chumvi yenye chaji, kwa upande wake inakwama. Kwenye utando wa mafuta matupu oksijeni hupita kwa wepesi unaozidi wa sodiamu kwa zaidi ya mara trilioni moja. Kwa hiyo utando unaozuia chumvi kwa ukali namna hiyo, kwa gesi ni kama haupo. Hili ndilo ninalotaka likae kichwani: mwili unaweza kuchagua chumvi gani iingie, lakini gesi hauchagui.

Aliyeona hili mapema ni Ernest Overton, Mwingereza aliyefanya kazi Zürich mwishoni mwa karne ya 19. Alijaribu mamia ya kemikali kwenye seli za mimea na kwenye viluwiluwi, akaona kwamba kinachoyeyuka kwenye mafuta ndicho kinachoingia haraka. Wakati huohuo Hans Horst Meyer wa Marburg, Ujerumani, alifika mahali palepale kwa njia yake, akachapisha mwaka 1899. Overton akatoa kitabu chake mwaka 1901. Kanuni yao: kadiri dawa inavyoyeyuka zaidi kwenye mafuta ya zeituni, ndivyo inavyohitajika kidogo zaidi kumlaza mtu.

Nawawekea hesabu yenyewe, maana ni nzuri mno. Halotheni: ujazo mmoja wa mafuta unabeba ujazo kama 224 wa mvuke wake, na kiasi cha kumfanya nusu ya wagonjwa wasishtuke wakipasuliwa ni asilimia 0.75 ya hewa wanayovuta. Zidisha, unapata karibu 1.7. Etha: 65, na asilimia 1.92. Zidisha, karibu 1.25. Naitrasi oksaidi: 1.4 tu, na asilimia 104, yaani zaidi ya hewa yote iliyopo. Zidisha, karibu 1.5. Dawa hizi kwa kemia hazifanani hata kidogo. Moja ina bromini na florini, nyingine ni etha, nyingine ni naitrojeni na oksijeni tu. Lakini kiasi kinachokuwa kimekaa ndani ya mafuta wakati mtu amelala ni karibu kilekile.

Mmeona hiyo 104? Ndiyo maana naitrasi oksaidi peke yake haimlazi mtu kwa upasuaji hata pwani. Na hapa ndipo Mbeya inapoingia.

William Henry wa Manchester alionyesha mwaka 1803 kwamba gesi inayoyeyuka kwenye kimiminika hufuata mgandamizo wa gesi hiyo juu ya kimiminika. Mgandamizo, si asilimia. Mafuta ya utando nayo yanatii kanuni hiyo. Pwani mgandamizo wa hewa ni kama milimita 760 za zebaki. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 620. Uwanda wa Kitulo, mita 2,600, ni kama 550. Oksijeni ni asilimia 21 Dar es Salaam, ni asilimia 21 Mbeya, ni asilimia 21 juu ya Mlima Rungwe. Asilimia haikwambii kitu. Mgandamizo wa oksijeni hapa mjini ni kama milimita 130, pwani ni kama 160, na kinachoingia kwenye utando wa mapafu kinafuata namba hizo.

Vivyo hivyo ukimpa mgonjwa naitrasi oksaidi asilimia 70 hapa Mbeya, mgandamizo wake ni kama milimita 434, sawa na kumpa asilimia 57 pwani. Mtaalamu aliyejifunzia Dar akihamia huku na mazoea yake atashangaa kwa nini wagonjwa wake wanasumbuka. Gesi ni ileile na mtungi ni uleule, ila mafuta ya utando yamepokea pungufu.

Karibuni tujadili.

#2. Mdau wa Vwawa

Mkuu, uzi wa maana sana huu. Kwa hiyo na halotheni inabidi muongeze huku kwetu?

#3. Mtoa mada

Hapana ndugu yangu, na hili huwachanganya wengi. Vepolaiza, kile chombo kinachogeuza halotheni kuwa mvuke, hutegemea mgandamizo wa mvuke wa dawa yenyewe. Huo unabadilika kwa joto, haujali uko mlimani au pwani. Ukiweka asilimia moja kwenye kitufe chake cha kuzungusha hapa Mbeya, ukipima asilimia inayotoka utakuta imezidi moja, inakaribia moja na robo. Lakini mgandamizo wa halotheni ni karibu uleule wa pwani, na mafuta ya ubongo yanapokea kilekile. Tunaacha namba ilivyo. Mtu anayehesabu kwa asilimia atapunguza dawa bila sababu, na usingizi wa mgonjwa utakuwa mwepesi mno mezani.

Ujue pia kuwa halotheni inapenda mafuta ya mwili mzima, si ya ubongo peke yake. Upasuaji ukiwa mrefu, hasa kwa mtu mnene, inajikusanya kwenye shahamu na kurudi kwenye damu polepole baada ya kufunga chombo. Ndugu wakiniuliza nje ya mlango "mbona hajaamka vizuri", mara nyingi jibu ni hilo.

#4. Mwalimu wa Iringa

Kamwene mtoa mada. Nafundisha kemia na baiolojia kidato cha tano na sita. Umeeleza vizuri, ila nisingependa wanafunzi waondoke hapa wakiamini Meyer na Overton ndio mwisho wa maneno. Mwaka 1984 Franks na Lieb, London, walichukua protini ya kimulimuli inayotoa mwanga, bila tone la mafuta, wakaonyesha kwamba dawa za usingizi zinaizima kwa viwango vilevile vinavyomlaza mtu. Hapo hapakuwa na utando wa kuyeyukia.

Naongeza. Kuna aisoflureni, nayo ni dawa ya usingizi ya mvuke, za aina mbili zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto. Zinayeyuka sawasawa kwenye mafuta, lakini moja ina nguvu zaidi ya mwenzake. Pombe zenye mnyororo mrefu zinazidi kupenda mafuta kadiri mnyororo unavyorefuka, lakini zikishapita kaboni 13 hivi hazilazi tena. Na nyuzijoto moja ya homa inalegeza utando karibu kama dawa inavyoulegeza. Nani amewahi kulala nusukaputi kwa homa ya nyuzi moja?

#5. Mtoa mada

Kamwene sana Mwalimu. Ushahidi wako wote naukubali, na nimefurahi umeuleta mapema. Ndiyo, dawa nyingi za mvuke hufanya kazi kwa kukaa kwenye protini za neva, hasa zile zinazopokea GABA, kemikali inayotuliza neva, na zenoni na naitrasi oksaidi hugusa zaidi zile za NMDA, ambazo huchangamsha neva. Lakini tutenganishe maswali mawili. La kwanza: gesi inafikaje? La pili: ikifika inamlaza mtu kwa kugusa nini? Lako ni la pili, na protini zimeshinda sehemu kubwa. La kwanza halijaguswa. Hakuna molekuli ya halotheni inayofika kwenye protini za ubongo bila kuvuka mafuta ya mapafu, ya mishipa na ya seli zenyewe. Isitoshe, pale inapojibanza ndani ya protini ni kwenye vijishimo visivyopenda maji, vyenye tabia ya mafuta. Ndiyo maana kipimo cha mafuta ya zeituni kinaendelea kubashiri dozi ingawa mhusika ni protini.

Tazama zenoni. Ni gesi ajizi, haifanyi kemia mwilini, inatoka kama ilivyoingia. Mwaka 1951 Cullen na Gross, Marekani, waliitumia kumlaza binadamu kwa upasuaji. Kitu kisichofungana na chochote kimemlaza mtu kwa kuyeyuka tu na kujipenyeza.

Na mafuta yenyewe hayajatolewa kabisa kwenye swali la pili. Mwaka 2020 watafiti wa Scripps, Florida, walionyesha klorofomu na aisoflureni zikitawanya visiwa vidogo vya mafuta yenye kolesteroli kwenye utando. Kimeng'enya kilichokuwa kimebanwa kwenye visiwa hivyo kikaachiwa, kikaenda kuamsha njia ya potasiamu inayoituliza neva. Ni njia moja kati ya nyingi, sisemi ndiyo yote.

Kuna jaribio jingine la zamani ambalo sichoki kulisimulia. Viluwiluwi vilivyolazwa kwa pombe, ukiongeza mgandamizo wa maji hadi zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida, vinaamka na kuogelea, dawa ikiwa bado imo mwilini! Ukishusha mgandamizo vinalala tena. Wengine walisema mgandamizo unaukaza utando uliokuwa umevimba kwa dawa, wengine wakasema unabana vijishimo vya protini. Mimi naliona ni swali zuri la kuwapa vijana wako wabishane.

#6. Mwalimu wa Iringa

Tumeelewana. Nami niwakumbushe wadau kuhusu kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa. Claude Bernard, Mfaransa, miaka ya 1870 aliufunika pamoja na etha, ukaacha kukunja majani. Ulipopata hewa safi ukarudia hali yake. Mmea hauna ubongo, lakini una utando wa seli kama wetu.

#7. Mama wa Makete

Habari zenu. Nimesoma polepole nimeelewa, asante. Nina swali la nyumbani. Huku Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinaganda nyeupe, na watu wanalala na jiko la mkaa chumbani. Nimeambiwa tangu nimeolewa kwamba ukisubiri mkaa uwe mwekundu usio na moshi, na ukaweka beseni la maji kando, maji yanameza sumu. Kwa hayo uliyoandika, hii ni kweli?

#8. Mtoa mada

Mama, shikamoo. Si kweli, na naomba wote walioko Makete, Njombe, Mufindi na Kitulo wasome hapa kwa makini.

Gesi inayoua ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile. Maji hayaipendi: hata kama hewa yote ya chumba ingekuwa kaboni monoksaidi tupu, lita nzima ya maji ingebeba chini ya mililita 30. Kwa hiyo beseni haliondoi kitu. Kitambaa kilicholowa puani nacho hakizuii. Wakati huohuo utando wa mapafu haupunguzi hata kidogo kasi yake, inavuka kama oksijeni inavyovuka. Ikishaingia kwenye damu inashika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Inavuka pia kondo la nyuma, ikamfikia mtoto aliye tumboni.

Na hapa mwinuko unatuumiza mara mbili. Oksijeni inayogombania hemoglobini huko Makete ina mgandamizo mdogo kuliko ya pwani, kwa hiyo kaboni monoksaidi kidogo inatosha kushinda.

Jiko litolewe nje kabla ya kulala, Mama. Si kusogezwa mlangoni, litolewe nje kabisa. Mkiamka na kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na hasa kama ni wote ndani ya nyumba, tokeni nje kwanza kisha hospitali. Huko mwambieni mhudumu kwamba mlilala na jiko, kwa sababu kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinadanganyika. Kinaweza kusoma 98 wakati damu imebeba sumu. Kwa hewa ya kawaida huchukua kama saa nne hadi tano kiasi cha gesi hiyo kwenye damu kupungua nusu. Kwa oksijeni tupu, kama saa moja na nusu.

#9. Mama wa Makete

Marahaba mwanangu. Leo hii hii nawapigia wakwe zangu.

#10. Mdau wa Vwawa

Na vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, mkuu? Huku wengi tunahifadhi ndani ya nyumba tunayolala.

#11. Mtoa mada

Hiyo ni fosfini. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinaitoa, nayo inapenya punje, inapenya mdudu hadi kwenye mitokondria za seli zake na kukata upumuaji wa seli. Mdudu na mtoto wa binadamu wana mitokondria zinazofanana. Utando wa seli za mwanao hauna namna ya kuijua kuwa ni sumu ya wadudu. Mahindi yaliyowekewa vidonge yasikae nyumba moja na watu, hata chumba cha pili. Mifuko ya kuzuia hewa, ile yenye plastiki za ndani, inaua dumuzi kwa kumkosesha oksijeni bila sumu yoyote. Kama una uwezo wa kuipata, tumia hiyo.

#12. Mdau wa Kyela

Ndaga fijo kwa elimu hii. Mimi niko upande wa Matema. Kuna vijana wanaozamia ziwani kwa mpira wa kompresa kukamata samaki wa mapambo. Wengine wakirudi kutoka kina kirefu wanasema huko chini akili inakuwa kama wamekunywa. Wazee wanasema ni mambo ya ziwa. Je, na hili ni mafuta?

#13. Mtoa mada

Ni mafuta, mkuu, na swali lako ni zuri kuliko ulivyofikiri.

Wanavuta hewa ya kawaida, ambayo zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni. Juu ya ardhi naitrojeni imo kwenye mafuta yetu sote wala hatuihisi. Lakini kwenye kina cha mita 30 mgandamizo wote ni karibu mara nne ya wa juu, na kompresa inawasukumia hewa kwa mgandamizo huo. Mgandamizo wa naitrojeni peke yake unakuwa kama mara tatu ya ule wa hewa nzima ya pwani. Sasa rudi kwenye hesabu ya mwanzo. Naitrojeni huyeyuka kwenye mafuta kama mara 20 chini ya naitrasi oksaidi. Tatu kwa 20 ni 0.15. Yaani kijana aliye mita 30 chini yuko katika hali inayokaribia ya mtu aliyevutishwa naitrasi oksaidi asilimia 15. Akili inalegea, anafurahi bila sababu, anasahau kuangalia muda. Behnke na wenzake, wataalamu wa tiba wa jeshi la majini la Marekani, walilieleza mwaka 1935, nao walianzia kwenye kanuni hiihii ya Meyer na Overton. Wazamiaji wa kina kirefu hubadilisha naitrojeni kwa heliamu kwa sababu heliamu inayeyuka kwenye mafuta kidogo mno.

Ila usingizi wa naitrojeni unaisha mtu akipanda. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kupanda kwenyewe. Mafuta ya mwili yamebeba naitrojeni mara tano ya maji, na huiachia polepole kwa kuwa shahamu ina damu chache. Mgandamizo ukishuka ghafla, inatoka kwa povu kwenye viungo, uti wa mgongo, hata ubongo.

Na jiografia yetu inaongeza tatizo. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Kijana akizamia asubuhi Matema, mchana akapanda basi kuja Mbeya, amepanda zaidi ya mita 1,200, na mgandamizo unaendelea kushuka akiwa amekaa kwenye kiti. Miongozo ya wazamiaji kuhusu kupanda ndege husema usubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na 18 kama umezamia mara kwa mara, na inahesabu kuanzia kupanda mita 600 tu. Basi la milimani ni sawa na ndege kwa jambo hili. Waambie walale Kyela kwanza. Maumivu ya bega au ganzi ya miguu baada ya kuzamia si uchovu, ni ya kupelekwa hospitali huku akipewa oksijeni.

#14. Mdau wa Tukuyu

Sisi tuna gesi yetu ya mlima Kyejo, hewa ya ukaa inayotoka ardhini yenyewe, kampuni ya TOL wanaivuna pale Ikama na inaishia kwenye soda. Nayo inapita hivyohivyo?

#15. Mtoa mada

Inapita, na ulimi wako unashuhudia kila unapokunywa soda. Ule mchomo si mapovu peke yake. Hewa ya ukaa inavuka utando wa seli za ulimi, ndani yake kimeng'enya kinaiunganisha na maji kuwa asidi, na asidi ndiyo unayoihisi. Wapanda Kilimanjaro wanaomeza asetazolamaidi kwa ajili ya ugonjwa wa mlimani hulalamika kuwa soda imepooza. Dawa hiyo inazuia kimeng'enya hicho.

Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, penye chemchemi za gesi inatuama mabondeni na mashimoni kukiwa hakuna upepo. Ikifika asilimia 10 ya hewa mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache. Mwingereza Henry Hill Hickman aliitumia kulaza wanyama kwa upasuaji mwaka 1824, miaka zaidi ya 20 kabla ya etha kuonyeshwa Boston. Watoto wanaochunga wasishuke kwenye mashimo yenye hewa inayochoma pua, na aliyeona mwenzake ameanguka shimoni asimfuate bila kamba na watu juu.

#16. Mwalimu wa Iringa

Swali la mwisho kwa leo. Umesema seli haichagui gesi. Hakuna hata moja inayoweza kujifunga?

#17. Mtoa mada

Mwalimu, zipo zinazopunguza. Mwaka 1994 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa upande wa ndani wa tezi za tumbo, unaotazamana na asidi kali, haupitishi hewa ya ukaa wala amonia kwa kiasi cha kupimika. Kolesteroli nyingi kwenye utando hubana mikia na kuondoa vile vijinafasi, na gesi inapita kwa shida zaidi. Baridi nayo. Mafuta ya kupikia ya mgando yanavyokaza asubuhi za Makete wakati ya alizeti yanabaki maji, ndivyo utando wenye mikia iliyonyooka unavyoganda mapema na kuikataa oksijeni, na wenye mikia iliyopinda unavyobaki laini. Samaki wa maji baridi huongeza mikia iliyopinda kwenye utando wake, ukabaki unapitisha.

Kuna pia wanaosema gesi ina milango yake baada ya yote. Peter Agre wa Marekani alipata Nobel mwaka 2003 kwa kugundua akwaporini, protini inayopitisha maji, na baadaye wengine wakadai aina yake ya kwanza, pamoja na protini za kundi la damu la Rh, hupitisha hewa ya ukaa. Kwenye utando uliokazwa na kolesteroli huenda zina kazi. Kwenye utando wa kawaida mimi sioni zitaongeza nini, maana mafuta yenyewe hayazuii.

Ugomvi haujaisha, na sababu ni ugumu wa kupima. Kando ya kila utando kuna tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na gesi inachelewa kwenye maji hayo kuliko inavyochelewa kwenye mafuta. Mtafiti asipolitoa tabaka hilo kwenye hesabu yake, anapima maji akiamini amepima utando. Ukiwafundisha vijana sehemu hii, anza na hilo tabaka la maji, halafu ndiyo uwape majina ya protini.